Kikao cha Pili: Utangulizi wa Taaluma ya Kuachana kwa Maridhiano

Huenda wewe ni mwanafunzi wa sheria au wa ustawi wa jamii. Huenda umeteuliwa juzi kuwa mjumbe wa baraza la kata na hujui uanzie wapi. Huenda pia ndoa yako mwenyewe imefika pabaya na unatafuta njia ya kutoka bila kubomoa kila kitu. Nawakaribisha nyote, kwa kuwa somo hili halimtaki mtu awe amewahi kufungua kitabu cha sheria. Linamtaka afuatilie jambo moja hadi mwisho wake: kuwapatanisha mume na mke ili waendelee kuishi pamoja ni kazi moja, na kuwasaidia wakubaliane jinsi ya kuachana ni kazi nyingine kabisa. Wazee wetu, mashehe wetu, wachungaji wetu na wajumbe wetu wa mabaraza wana uzoefu mkubwa wa kazi ya kwanza. Ninayotaka kukufungulia hapa ni ile ya pili.

Nimechagua Tabora iwe darasa letu, na si kwa sababu watu wake wanaachana kuliko wengine. Mji huu ulikua katikati ya karne ya 19 mahali ambapo njia ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likienda Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine likielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walijenga matembe yao Kaze na Kwihara, ndani ya himaya ya mtemi wa Unyanyembe. Wamanyema walikuja kutoka ng'ambo ya ziwa, na baadaye misheni za Wakatoliki na Wamoravian zikaweka makazi. Ndiyo maana leo katika kata moja ya mji utakuta ndoa ya Kiislamu, ndoa ya kanisani, ndoa ya kimila na ndoa ya kiserikali zikipakana ukuta kwa ukuta. Wakati mwingine nyumba moja inabeba mbili au tatu kati ya hizo: mahari yalilipwa kimila, nikaha ikasomwa msikitini, na wakwe wa upande mmoja ni wazee wa kanisa. Anayeweza kuwasaidia watu wa nyumba kama hiyo waachane kwa maridhiano ataweza popote.

Kuna sababu ya pili, nayo ni safari ndefu. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Kaze Novemba. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyekwenda pwani na kurudi alikuwa nje ya nyumba yake kwa miezi mingi. Wanawake wengine walisafiri pamoja na misafara, jambo ambalo mwanahistoria Stephen Rockel amelieleza kwa kina, lakini wengi walibaki wakilima na kulea. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ya miguu ilipungua hadi ikakoma, ila safari za kutafuta maisha ziliendelea: kwanza mashamba ya mkonge, leo machimbo ya Geita na Kahama. Kwa hiyo maswali mawili yanayozigawa ndoa nyingi ni ya zamani sana katika nchi hii. Mali iliyochumwa wakati mmoja yuko mbali na mwingine yuko nyumbani ni ya nani? Na kukaa mbali kunageuka lini kuwa kutelekeza? Utaona kwamba sheria yetu inayajibu yote mawili.

Tuanze na msingi wenyewe. Ndoa inapovunjika, kuna mambo ya aina mbili ya kuamua, na mkanganyiko mwingi unatokana na kuyachanganya. La kwanza ni hadhi, yaani kama watu hawa bado ni mume na mke au la. Hilo ni la mahakama peke yake. Aina ya pili ni matokeo ya kuvunjika huko: mali, matunzo na watoto. Hapa wanandoa wana nafasi kubwa ya kukubaliana wenyewe, na mahakama huyapima makubaliano yao. Ukishika tofauti hiyo, nusu ya somo umeimaliza.

Sheria tunayoisoma ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, wenye Mahakama za Kadhi. Kifungu cha 101 kinasema kwamba mtu hawezi kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla mgogoro haujafikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza ni kikao cha mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Sheria inataka liwepo katika kila kata, na inaruhusu jumuiya za dini kuwa na mabaraza yao yanayotambuliwa. Ndiyo sababu mmoja huanzia ofisi ya kata, mwingine baraza la Waislamu la BAKWATA, mwingine kanisani kwake. Baraza huwaita wote wawili, huwasikiliza, na linaweza kumsikiliza mtu mwingine yeyote anayelijua jambo. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu pale, na nadhani waliotunga sheria waliona sawasawa: walitaka mke na mume waseme kwa vinywa vyao.

Upatanishi ukishindikana, Baraza hutoa hati, ambayo wenyeji wa mahakama huiita Fomu Namba 3. Hati hiyo ndiyo inayokuruhusu kuingia mahakamani, na isiwe na zaidi ya miezi sita siku unayofungua shauri. Usiichukulie kama karatasi ya kutimiza wajibu tu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilipoketi Mtwara ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka lililokuwa limepita mahakama za chini, kwa kuwa hapakuwa na hati halali ya Baraza. Hebu fikiria watu waliodhani wameachana na kugawana mali kisha wakaambiwa warudi mwanzo. Zipo hali ambazo sheria inasamehe hatua hii: mwenza ametoroka na hajulikani aliko, anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurudi karibuni, ameitwa na Baraza akakataa kwa makusudi, amefungwa miaka mitano au zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au mahakama imeridhika kwamba kuna mazingira yasiyo ya kawaida.

Najua maswali yanayokujia sasa, maana kila kundi jipya la wanafunzi huyauliza.

Je, Baraza linatoa talaka? Hapana. Linapatanisha, na likishindwa linathibitisha kwamba limeshindwa.

Je, mume Mwislamu aliyekwisha kutamka talaka bado anahitaji mahakama? Kwa sheria ya Bara, ndiyo. Kifungu cha 107 kinampa nafasi ya pekee: wanandoa wakiwa wamefunga ndoa ya Kiislamu, Baraza likathibitisha kushindwa, kisha mmoja wao akafanya tendo linalovunja ndoa kwa mujibu wa dini yao, mahakama huchukulia kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka, yaani tamko rasmi kuwa ndoa imekwisha. Khului, ambapo mke hujitoa katika ndoa kwa kurudisha mahari au sehemu yake, nayo ni tendo la namna hiyo. Kwa hiyo dini imepewa uzito mkubwa, ila tamko la mwisho la kisheria hutoka mahakamani.

Na sisi tuliokaa pamoja tu, bila nikaha wala cheti? Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawaona kuwa mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa kwa ushahidi, mahakama bado inaweza kutoa amri kuhusu matunzo na watoto.

Swali la nne ndilo linalotuingiza katika kiini cha somo: sote wawili tumekubali kuachana, kwa nini hilo lisitoshe? Kwa sababu ridhaa peke yake si sababu ya talaka katika sheria hii. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kwa kuangalia ushahidi kama ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa makusudi kwa miaka mitatu au zaidi, au kutengana kwa hiari kwa muda kama huo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu la wasafiri. Mtu aliyekwenda mgodini na anayetuma fedha na salamu hajatelekeza. Aliyekata mawasiliano kwa makusudi akamwachia mwenzake mzigo wote, sheria inamhesabia miaka. Wanandoa hawawezi kujipa talaka kwa kupeana mikono, hata wapendane kiasi gani katika kuachana kwao.

Lakini soma kifungu cha 106, ambacho wengi hukipita haraka. Kinaorodhesha mambo ambayo lazima yaandikwe katika maombi ya talaka, na mojawapo ni masharti ya makubaliano yoyote ambayo wanandoa wamefikia kuhusu matunzo na mgawanyo wa mali waliyoichuma kwa jasho la pamoja. Mapendekezo ya mleta maombi peke yake yanakuja pale tu ambapo makubaliano hayo hayakufikiwa. Tazama mpangilio huo. Tangu 1971 sheria imeanza kwa kuuliza mmekubaliana nini, ndipo ikauliza mmoja wenu anataka nini. Nafasi ya kuandika maridhiano imo ndani ya maombi yenyewe, na katika mashauri mengi inabaki tupu kwa kuwa baada ya Baraza kushindwa hakuna aliyewaita watu hawa tena wakae chini. Kila mmoja anaondoka na hasira yake, anafungua shauri, na kikao cha pili hakifanyiki.

Kikao cha pili ndicho ninachokiita kuachana kwa maridhiano. Ni mkutano, au mfululizo wa mikutano, ambapo watu wawili waliokwisha kukubali kwamba ndoa yao haiponi wanapanga kwa uwazi jinsi watakavyogawana mali na madeni na jinsi watakavyolea watoto, kisha wanayaweka kwa maandishi ili mahakama iyapime. Mwenye kuwaongoza huitwa msuluhishi: mtu wa tatu asiye na upande, ambaye hana mamlaka ya kuamua.

Ulimwenguni taaluma hii imekua sana tangu mwaka 1990, wakili Stuart Webb wa Minneapolis, Marekani, alipoamua kwamba hataingia tena mahakamani kupigania talaka na atawasaidia tu wateja waliotaka kukubaliana. Utaratibu uliozaliwa hapo una nguzo moja ya ajabu, nayo ni mkataba wa ushiriki. Wanandoa na mawakili wao husaini ahadi kwamba mazungumzo yakivunjika na kesi ikaenda mahakamani, mawakili wale wale watajitoa. Maana yake ni kwamba hakuna msaidizi hata mmoja mezani anayefaidika mazungumzo yakifeli. Nguzo nyingine ni uwazi kamili: kila mmoja anaweka mezani anachomiliki na anachodaiwa bila kusubiri kuamriwa. Mara nyingi huongezwa mtaalamu wa fedha na mshauri wa mambo ya watoto.

Utaniuliza kama hayo yanafaa Tabora, ambako wengi hufungua mashauri yao Mahakama ya Mwanzo bila wakili yeyote. Maoni yangu ni kwamba nguzo ya kwanza tunaweza kuichukua kwa kuibadili kidogo: yeyote anayewaongoza katika kikao cha pili asije akawa shahidi wala mtetezi wa upande mmoja baadaye. Mjomba anayejua kwamba kesho atasimama kizimbani kumtetea mpwa wake hawezi kuwa msuluhishi leo. Nguzo ya pili, ya uwazi, tunaihitaji kuliko hata Wamarekani, na nitakuonyesha kwa nini kwa kutumia zao ambalo kila mtu wa Urambo, Kaliua na Sikonge analijua.

Chukua nyumba inayolima tumbaku. Mkulima aliyesajiliwa katika chama cha msingi mara nyingi ni mume, na malipo huingia katika akaunti yake. Lakini vitalu vilimwagiliwa na mke, watoto walisaidia kufunga majani, na usiku wa kukausha tumbaku ndani ya mabani wote walipokezana kuangalia moto. Mbolea na pembejeo nyingine zilichukuliwa kwa mkopo utakaokatwa kwenye mauzo. Watu hawa wakiachana katikati ya msimu, mali yao ni nini? Ni zao lililo shambani ambalo halijapata bei, deni ambalo halijalipwa, mabani mawili ya udongo, baiskeli au pikipiki, na pengine ng'ombe walioandikwa kwa jina la kaka. Hakimu anaweza kugawa anachokiona katika ushahidi. Wao wawili wanajua yale ambayo hayataonekana katika ushahidi wowote.

Sheria inasaidia hapa ukielewa vifungu viwili kwa pamoja. Kifungu cha 60 kinasema mali iliyo kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto na mila za jamii, kisha ikielekea kwenye usawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Uamuzi huo ulibadilisha mazungumzo ya talaka nchini, na ningependa kila mjumbe wa baraza aujue. Lakini mchango bado unahitaji kuthibitishwa, na ushahidi wa kazi ya jikoni na shambani haupatikani kwa risiti. Katika kikao cha pili hauhitaji risiti. Unahitaji mwenzako akubali mbele ya msuluhishi kile anachokijua kuwa kweli, na watu hukubali kweli kwa wepesi zaidi wakiwa hawajashtakiwa.

Makubaliano mazuri ya nyumba hii yataeleza malipo ya msimu upi yatagawanywa, baada ya kukatwa deni lipi, kwa sehemu zipi, na nani atafuatana na nani siku ya malipo. Yataeleza nani anabaki na shamba na atamfidia mwenzake nini, kwa muda gani. Yakisema tu kwamba mali itagawanywa kwa haki, hayajasema kitu.

Kuhusu watoto, uhuru wa wanandoa ni mdogo zaidi, na ni vizuri uwe hivyo. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Mahakama husikiliza matakwa ya wazazi, ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka saba huanza na dhana kwamba ni bora abaki na mama, dhana inayoweza kupingwa. Makubaliano ya wazazi hayaifungi mahakama, ingawa yakiwa ya busara huipa kazi nyepesi.

Katika Unyamwezi, nchi inayoizunguka Tabora, mila inaweza kuingia kikaoni kwa nguvu. R. G. Abrahams, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza ndoa za aina mbili: kukwa, ambayo mahari hulipwa na watoto huwa wa upande wa baba, na butende, isiyo na mahari, ambayo watoto huwa wa upande wa mama mpaka baba atoe malipo ya kuwakomboa. Bibi au babu anaweza kulileta jambo hilo kikaoni kwa imani yote. Msuluhishi asimkatize wala kumdharau. Amsikilize, kisha aeleze kwamba mila ni moja ya mambo yanayopimwa, na kipimo kinachotangulia ni ustawi wa mtoto mwenyewe: atalala wapi, ada na sare analipa nani, akiugua anapelekwa hospitali kwa fedha za nani, na likizo akisafiri kwenda kwa mzazi wa pili nauli inatoka wapi. Maswali hayo madogo hutuliza kikao kuliko mjadala wa watoto ni wa nani.

Uislamu nao una mafundisho yanayofanana na kikao chetu: aya ya 35 ya Sura ya An-Nisaa inaelekeza mgogoro wa mume na mke usikilizwe na mwamuzi mmoja kutoka kila upande. Shabaha yake ya kwanza ni suluhu, lakini waamuzi wawili wanaoaminiwa na familia zote mbili ni hazina ambayo haipaswi kutawanyika siku Baraza linapotoa hati.

Kuna mpaka ambao nakuomba usiuvuke kamwe. Njia hii si ya kila nyumba. Pale ambapo mmoja anampiga mwenzake, anamtisha, au amemfungia kila senti kiasi kwamba hathubutu kusema, hakuna maridhiano. Kuna mtu mmoja anayeamuru na mwingine anayetia sahihi. Kifungu cha 66 kinasema waziwazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kabla ya kikao chochote, msuluhishi aonane na kila mmoja peke yake, amuulize kama anaogopa, na akisikia ndiyo aache mazungumzo na amwelekeze Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, kwa afisa ustawi wa jamii au kwa watoa msaada wa kisheria. Napinga kwa moyo wangu wote desturi ya kumrudisha mwanamke aliyejeruhiwa kwa jina la subira, na ningesikitika sana taaluma hii ikitumiwa kwa kazi hiyo.

Sasa uko tayari kwa swali gumu zaidi la somo letu: nani aitishe kikao cha pili? Sheria haijamtaja mtu. Hata hivyo kifungu cha 104, kinachoeleza mwenendo wa Baraza, kinaliruhusu liambatishe mapendekezo kwenye hati yake. Hati nyingi huja na sentensi moja tu, kwamba usuluhishi umeshindikana. Hakuna kinachozuia Baraza la kata ya Chemchem au Ng'ambo kuandika ukurasa wa pili: kwamba wanandoa wamekiri kuwa na nyumba moja na deni moja, kwamba wanakubaliana kuhusu shule ya watoto, kwamba wanatofautiana kuhusu ng'ombe, na kwamba Baraza linapendekeza wakutane tena mbele ya fulani na fulani kabla ya kufungua shauri, ndani ya ile miezi sita. Ukitaka kuendelea na somo, omba ruhusa uketi kama msikilizaji katika Baraza la kata yako ukiwa na kifungu hicho mkononi, kisha keti na mwenyekiti mjaribu kuuandika ukurasa huo.